Neema, Simama!

Jumapili iliyopita, saa nane na robo mchana, niliingia kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto nisiyemfahamu. Sikuwa na kadi. Sikuwa nimechanga hata shilingi. Na niliingia kwa tumbo, miguu imebaki nje ya turubai, mkono wa kulia umenyooka mbele kama wa mtu anayeomba nafasi ya kusema kikaoni. Mwisho wa mkono kamba, na mwisho wa kamba mtamba wa kilo 370 mwenye mimba ya miezi mitano.

MC, ambaye kazi yake ni kutonyamaza, alinyamaza kama sekunde mbili. Kisha akaivuta maiki: "Mabibi na mabwana, naona mjomba kashindwa kusubiri muda wa zawadi! Vigelegele kwa mjomba!" Vikapigwa. Dijei, kijana mwepesi, akaweka muziki wa kutolea zawadi, na akina mama wa meza za nyuma wakaanza kuinuka na kusogea kwa mwendo wa kucheza. Ikanibidi, nikiwa bado kifudifudi, nitangaze kwamba huyu ng'ombe si zawadi, ni wangu, nimemnunua asubuhi. Vigelegele vikakatika. Sijui kama umewahi kusikia kigelegele kikikatika katikati, ulimi wa mtu ungali hewani. Usiombe.

Naandika haya nimekaa upande mmoja, maana upande wa pili bado haukaliki. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia nina mistari mitatu myekundu iliyozunguka kama bangili, na dukani watu wanaitazama hiyo kwanza, ndipo wananisalimia.

Tangazo lilisema hivi: "Mitamba wawili, chotara wa Frizia na Jezi, mimba miezi mitano, wamezoeshwa kamba, hata mtoto anawaongoza." La mimba nililielewa. La chotara nilijidai nimelielewa. Lakini kilichonimaliza ni hilo la kamba, kwa sababu nilishajiona: jioni, jua linazama upande wa Mlima Meru, mimi na fimbo yangu ya mapambo, mitamba wawili nyuma yangu kwa adabu, tunapita katikati ya migomba ya Machame na watu wanaambiana, "Shemeji siku hizi mfugaji." Ndoto zangu zote zina watazamaji. Ndiyo maana hata aibu zangu huja na umati.

Siku ya kununua nilikwenda upande wa Arusha nikiwa na elimu ya wiki mbili. Nilijua kwamba umri wa ng'ombe husomwa mdomoni: akishaota meno mawili makubwa ya mbele, ana kama miaka miwili, manne, anaelekea mitatu, ukikuta manane yamejaa, huyo si mtamba tena, ni mama wa watu, na anayekuuzia anakudanganya. Dalali akaingiza vidole pembeni mwa mdomo wa yule wa kwanza, akaufungua. Nikainama kama daktari. Chini, mawili. Nikaridhika. Nikatazama juu, nikashtuka, nikauliza kwa ukali, "Mbona ya juu yametoka yote?"

Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Hajawahi kuwa nayo tangu safina ya Nuhu. Ana ufizi mgumu tu kama soli ya ndala, na ulimi mrefu anaouzungusha kwenye majani na kuyavuta. Dalali hakucheka. Alimtazama mwenye mali, mwenye mali akatazama mlima, na nadhani ni katika ukimya ule bei ilipopanda kutoka milioni 3 hadi milioni 3 na laki 2 kwa kila mmoja. Nikalipa. Mmoja aliitwa Neema, mwingine Sifa. Kibali cha kusafirisha mifugo kilikuwa mfukoni, kimesainiwa na kugongwa muhuri; ndicho kitu pekee siku ile kilichokuwa sawasawa.

Sasa naomba nisimame kwenye hii kamba, maana tangu Jumapili naiwaza kuliko ninavyowaza mshahara. Vitabu vinaiita hatamu. Wafugaji wa huku wanaiita kamba tu, na hawana haja ya jina zaidi ya hilo. Ukiiona imetundikwa ukutani utadhani ni fujo ya mtu aliyeshindwa kufunga mzigo. Lakini ni mashine. Kipande kimoja kinapita nyuma ya masikio. Cha pili kinakatiza juu ya pua, katikati ya jicho na tundu la pua, mahali penye mfupa. Cha tatu kinapita chini ya taya, na hicho ndicho chenye akili, kwa sababu kinateleza: mkia wa kamba unatokea hapo, upande wa kushoto wa mnyama, mkononi mwako. Ukivuta, taya na pua vinabanwa pamoja. Mnyama akipiga hatua moja tu kuelekea kwako, kamba inalegea yenyewe.

Na siri yote iko hapo, kwenye kulegea. Mimi maisha yangu yote nilidhani ng'ombe anaongozwa kwa kuvutwa. Kilo 370 hazivutwi na mtu wa kilo 68. Anachojifunza ng'ombe ni kwamba usumbufu huisha pale anapokubali. Wanaanza naye akiwa ndama, miezi michache tu: wanamvalisha kamba, wanamfunga kwenye nguzo isiyotikisika, anapigana na ile nguzo mpaka agundue kwamba nguzo haina hasira wala haichoki, na kwamba akisogea nayo inamwachia. Kisha anapelekwa majini kwa kamba, anapigwa brashi kwa kamba, analishwa kwa kamba. Marekani wapo wanaomfunga mtamba mkaidi kwa punda mzee, shingo kwa shingo, na kuwaacha hivyo kwa siku kadhaa. Punda habembelezi. Akitaka kwenda kunywa maji anakwenda, na mwenzake anajifunza kufuata. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu usiku, halafu nikakumbuka kwamba Jumapili, kati yangu na Neema, hapakuwa na punda mzee. Au alikuwepo, ila kafungwa upande usio wake.

Kwa maneno mengine, mtamba aliyezoeshwa kamba amefundwa kama mwali. Kakaa ndani, kaambiwa dunia inakwendaje, katoka. Tangazo lilisema kweli tupu. Ila halikusema kwamba kamba ina ncha mbili, na anayeshika ncha ya pili naye sharti awe amefundwa. Mimi nilitoka moja kwa moja ofisini.

Tulipopumzika njia panda ya KIA nilipanda nyuma ya Canter kuwatazama, nikaona kamba imembana Neema pua. Nikamwonea huruma. Nikaivua. Huruma ya mtu asiyejua kazi ni jambo la hatari sana; afadhali ukatili wa fundi. Tulipofika mwisho wa lami dereva akatazama njia ya kupanda kwangu, tope lile jekundu la baada ya mvua, akazima gari. "Bosi, hapa mwisho. Mita mia sita tu hizo, na si umesema wamezoeshwa kamba?" Nikamrudishia Neema kamba yake kwa kumbukumbu. Baadaye niliambiwa nilimvalisha kichwa chini: kipande kinachoteleza kikaenda nyuma ya masikio, na cha puani kikashuka mpaka kwenye gegedu laini, palepale anapovutia pumzi. Kamba ya namna hiyo inajua kukaza. Kulegea haijui. Mnyama akija kwako inambana, akirudi inambana, kwa hiyo kila kitu alichofundishwa tangu utotoni kinageuka uongo ndani ya dakika moja.

Kosa la pili: nilimteremsha peke yake, Sifa akabaki kwenye gari akiita. Ng'ombe mmoja akitengwa na mwenzake anaacha kuwa ng'ombe, anakuwa king'ora. Kosa la tatu nalitaja kwa sauti ya chini: niliizungusha kamba kifundoni mara tatu, ili isiniponyoke. Wenye vidole pungufu katika kazi hii, wengi wao walitaka isiwaponyoke.

Pamoja na yote hayo, mita mia tatu za kwanza tulikwenda. Jumapili, njia tupu, watu kanisani au mezani. Nilianza hata kupunga mkono. Kisha tukafika kwenye mfongo.

Msomaji wa mbali, mfongo ni ule mfereji wa asili wa Wachagga, unaoshusha maji ya mlimani kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Mingine ilichimbwa na mababu wa mababu na bado inatiririka. Huu wa kwetu upana wake ni hatua moja ya mtoto. Juu yake kuna kidaraja cha mbao tatu. Neema akasimama, akapanda miguu ardhini kama kitanda, akatoa macho.

Nilivyotafsiri mimi, huo ulikuwa ukaidi. Nimekuja kujua baadaye kilichokuwa kikitokea kwenye kichwa chake, na nakiri kwamba kinanivutia mpaka nasahau maumivu. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu duara zima, digrii zaidi ya 300. Anakosa tu kipande cha nyuma yake kabisa. Bei ya hiyo zawadi ni kwamba mbele, pale macho mawili yanapokutana, pana pembe nyembamba, na kupima kina cha kitu ni shida kwake. Mstari wa kivuli barabarani unaweza kuwa shimo. Maji yanayometa ni kitu asichoweza kukipima. Profesa mmoja wa Marekani, Temple Grandin, amejijengea jina kwa kuingia kwenye njia wanazopitishwa ng'ombe na kutazama kile wanachokiona wao: kivuli, kidimbwi, mnyororo unaoning'inia, koti lililosahauliwa juu ya uzio. Na dawa anayo ng'ombe mwenyewe. Anashusha kichwa, ananusa, anapima taratibu, kisha anavuka. Anahitaji nusu dakika na kichwa huru.

Mimi nusu dakika hiyo niliitumia kumvuta kichwa juu.

Wakatokea vijana wawili wenye nia njema. Mmoja akaenda nyuma yake, kwenye kile kipande hasa asichokiona, akamsokota mkia. Sasa hebu pata picha: mbele kuna shimo linalometa, puani hakuna hewa, chini mwenzio anakuita, na nyuma, kutoka pasipo na mtu, mkono umekushika mkia. Mimi ningefanya vibaya zaidi. Neema aliruka mfongo bila kugusa ubao hata mmoja, akageuka kulia kwenye uwazi wa kwanza aliouona katika ua, na uwazi huo ulikuwa umepambwa kwa maputo meupe na ya dhahabu.

Kati ya mfongo na maputo nakumbuka vitu vichache. Nakumbuka buti langu la kushoto likibaki nyuma, limesimama wima kwenye tope kama mtu anayesubiri daladala. Nakumbuka shina la mgomba. Na nakumbuka sauti yangu mwenyewe, kwa nguvu zangu zote, ikipiga kelele, "Neema, simama! Neema! Simama, Neema!"

Ndani ya turubai, meza kuu, msichana mwenye gauni jeupe, shela na glovu nyeupe akasimama.

Aliitwa Neema. Ilikuwa siku yake. Tangu asubuhi alikuwa ameambiwa na mchungaji simama, na mpiga picha simama, na shangazi simama, kwa hiyo aliposikia mwanaume akimwamrisha kutoka nje, alitii. MC akamgeukia kwa upole: "Kaa, mwanangu. Hujaitwa wewe."

Neema wangu alisimama pia, hatimaye, mbele ya meza ya ndafu. Mbuzi mzima wa kuokwa, kachuchumaa kwenye sinia, karoti mdomoni. Wakatazamana. Sijui walielewana nini, lakini mtamba akapoa palepale, akaanza kula majani ya mapambo kuzunguka keki. Ndipo nikainua uso kutoka kwenye majani yaliyotandazwa chini, na jozi ya kwanza ya viatu niliyoiona niliitambua, kwa sababu niliinunua mimi, Krismasi iliyopita.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, baba," akajibu mama mkwe wangu, bila kutikisa sahani. "Pole. Umeshakula?"

Wanaume sita walijitokeza kumtoa ng'ombe, kila mmoja na nadharia yake. Mmoja alitaka maji, mwingine moto, wa tatu akaulizia kama kweli hauzwi. Aliyemtoa ni yule mtoto. Alivua glovu moja, akaiweka juu ya Biblia yake mpya, akaja akasimama kwenye bega la Neema, akageuza ile kamba kwa mikono miwili kama anayemfunga mdogo wake tai, upande uliotakiwa kuwa juu ukawa juu. Akashika ganda la ndizi. Hakuvuta. Aliinyoosha kidogo kamba, akasubiri. Ng'ombe akapiga hatua, mtoto akalegeza. Hatua nyingine, akalegeza. Baadaye nilisoma kwamba bega la ng'ombe ni kama bawaba: ukisimama mbele yake anarudi nyuma, ukisimama nyuma yake anasonga mbele, na kila mnyama ana duara lake lisiloonekana, ukiliingia anaondoka, ukilitoka anatulia. Yule mtoto hajasoma hayo popote. Kwao wana ng'ombe ndani ya kihamba, wanaolishwa migomba na majani, na kumtoa ng'ombe bandani ni kazi ya mtoto kabla ya shule. Akamwongoza hadi bandani kwangu, mita mia tatu za matope, gauni jeupe halina hata tone, mimi nyuma yao na buti moja.

Hata mtoto anawaongoza. Tangazo halikusema mtu mzima.

Jumatatu, kwa ushauri wa shemeji zangu, nilikwenda kwenye nyumba ile na jani la isale, kreti mbili za soda na bahasha. Kwa desturi ya huku, ukija na isale mkononi unaomba radhi, na mwenye nyumba hana njia ya kukukatalia. Hawakunikatalia. Walinionyesha video.

Kisha ikaja Jumanne, na daktari wa mifugo. Nilimwita kwa ajili ya Neema, nikihofia zile mbio zimedhuru mimba. Akavaa glovu ya plastiki inayofika begani, akaingiza mkono, akatazama angani kama mtu anayetafuta funguo chini ya kochi. "Yupo," akasema. "Mzima." Ndama wa Frizia, mbegu iliyokaa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, ikitoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji pale Usa River, na sasa yuko ndani humo, kapita mfongo, kapita kipaimara, mzima. Ng'ombe hubeba mimba siku kama 280. Nilikaribia kulia.

"Na huyu mwingine tumcheki tu, kwa kuwa nipo," akasema daktari.

Sifa ni mtamba mzuri. Mpole kuliko mzee wa kanisa. Jumapili ile ile aliteremka kwenye gari baada ya fujo zote, akatembea mwenyewe mpaka bandani. Daktari akaingiza mkono. Hakutazama angani. Alinitazama mimi. Akautoa, akachukua kifaa kama bomba jembamba, akapima mbele, akatikisa kichwa. "Huyu alizaliwa pacha na dume?"

Nikasema sijui. Akasema yeye anajua.

Mambo yako hivi. Ng'ombe akibeba mapacha, jike na dume, mara nyingi kondo zao zinaungana na mishipa ya damu inakutana. Viungo vya dume vinaanza kujijenga mapema, na vichocheo vyake vinavuka kwenye damu ya dada yake kabla hajamaliza kujijenga. Dume hutoka salama. Jike hutoka mzuri, mwenye afya, macho ya kupendeza, lakini njia yake ya uzazi ni fupi na haina pa kufika. Wataalamu wanamwita frimatini. Zaidi ya 90 katika kila 100 ya majike wa namna hiyo hawazai kabisa. Daktari wa upasuaji wa Uingereza, John Hunter, aliwaandika mwaka 1779. Mwaka 1916 Frank Lillie wa Chicago akaeleza chanzo chake ni ile damu. Nililisoma hilo hadi saa saba usiku, na kwa dakika kadhaa, naapa, nilisahau kabisa kwamba ni ng'ombe wangu. Halafu nikakumbuka. Nimelipa milioni 3 na laki 2 kwa mimba ya miezi mitano, na mnyama mwenyewe hana chumba cha kuiweka.

Nikampigia dalali. Akasema imetoka njiani, barabara mbaya. Nikamweleza damu, kondo, Chicago. Akasema, "Bosi, mimi sikuingia tumboni." Mwenye mali simu haipatikani mpaka leo. Kadi ya uhimilishaji niliyopewa, nimeitoa nikaitazama upya: tarehe, namba ya dume na bei niliyolipa vimeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, na nadhani muda mmoja.

Hapa mzaha unanitoka, na naomba msomaji anivumilie. Mwenye ng'ombe huwa anajua kwamba ndama wake alizaliwa pacha na dume. Hilo si jambo la maabara. Alikuwepo zizini, aliwaona wawili. Kwa hiyo mtu alimlea Sifa miaka miwili akijua, akamzoesha kamba kwa uvumilivu wote ule niliousifu hapo juu, ili auzike kwa mjinga. Mjinga mwenyewe ana mshahara, atapona. Lakini jirani yangu, mwalimu mstaafu, alipoisikia habari ya Sifa alikaa kimya, kisha akaniomba nimpe namba ya daktari. Yeye alinunua mtamba mmoja kwa kiinua mgongo. Mwaka wa pili sasa anamkatia majani, anamwogesha, anamlindia joto kila baada ya siku 21 na halioni. Alikuwa anadhani kosa ni lake.

Na kuna jambo baya zaidi. Wengi tunaijua ile mipango ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba mwenye mimba, na deni lako ni ndama jike wa kwanza, aende kwa jirani, na wa jirani aende kwa mwingine. Mwaka 1944, mitamba 17 walipelekwa Puerto Rico kwa utaratibu huo huo, na mpango mzima ulisimama juu ya neno moja: ana mimba. Mtu akiuza uongo kwenye neno hilo, hajamwibia mmoja. Amefuta mstari mzima wa watu ambao walikuwa hawajafikiwa bado. Ukinunua simu dukani unapewa waranti ya mwaka. Ukinunua uhai wa milioni 3, unapewa karatasi ya daftari na shahidi ambaye ni shemeji yake dalali.

Basi. Mengine ni madogo. Mlango wa banda niliujenga ukifungukia ndani, na Neema anapenda kulala mlangoni. Ndoo ya kukamulia ya bati niliyonunua miezi minne kabla ya wakati, mama wa nyumba ameigeuza ya kuogea. Buti la kushoto halijaonekana.

Kwa hiyo natangaza, na naomba anayesoma awafikishie wengine: anauzwa jike mmoja, chotara wa Frizia na Jezi, meno mawili chini, juu hamna na ndivyo inavyotakiwa. Amezoeshwa kamba vizuri sana. Alizaliwa pacha na dume. Hana mimba, hajawahi kuwa nayo na hatakuwa nayo. Bei ni ya nyama, na daktari mje naye wenyewe. Hata mtoto anamwongoza. Mtoto pia mje naye.